Unene wa Kalamu

Ofisini walimwita Bi Ramani, na aliyempa jina hilo hakumkejeli. Alianza kuchorea halmashauri ramani enzi za meza za mteremko na kalamu za wino. Kompyuta zilipoletwa, wenzake wa rika lake walizikimbia kama siafu, yeye akazikalia mpaka zikamzoea. Ukitaka kujua kama mpaka wa kata unapita mbele au nyuma ya zahanati, ulimwendea yeye. Alikuwa mjane, watoto hakujaliwa, mwembamba, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Vijana wa mafunzo kazini walimwogopa kwa jambo moja: hakukubali mstari uchorwe na mtu ambaye hajafika. "Picha ya setilaiti inakuonyesha mapaa," aliwaambia. "Nenda ukaukanyage huo mji, ndipo urudi unieleze chini ya mapaa kuna nini."

Mwaka ule mto uliokatiza bondeni ulitoka kwenye kingo zake. Ulibeba mbuzi, vyoo na banda la kuoshea magari, ukarudi ulikotoka bila kuua mtu. Wakubwa walishtuka hata hivyo. Amri ikashuka: lichorwe eneo la hatari. Nyumba zote zitakazoangukia ndani ya mstari mwekundu zibomolewe, na wenyewe wahamishiwe viwanja vilivyopimwa nyuma ya machimbo ya kokoto, nje kabisa ya mji.

Kazi ikaangukia meza ya Bi Ramani. Alizipanga picha za setilaiti, akalaza juu yake mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko mmoja, kisha akavaa buti na kushuka bondeni na kile kifaa chake cha mkononi cha kupimia mahali. Mlango kwa mlango aliuliza swali moja: maji yalifika wapi? Watu walimjibu kwa miili yao. Huyu aligusa goti, yule kiuno. Mama mmoja muuza mkaa, mwanamke wa sauti nene ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mkaa, alimwonyesha alama ya tope ukutani, kisha akasimama katikati ya mlango mikono kiunoni.

"Na wewe unatupima hivyo, tumekwisha kufa? Maiti ndiyo hupimwa!"

"Napima maji, mama."

"Maji yenyewe yameshaondoka. Waliobaki hapa ni watu."

Bi Ramani aliweka alama yake, akapita nyumba ya pili. Matusi ya bondeni alishayazoea.

Kilichomnyima raha kilikuwa juu, si chini. Bonde lile lilipanda polepole mpaka barabarani, na karibu na barabara palikuwa na safu ya nyumba za matofali zilizotazamana na mteremko. Katika safu hiyo aliishi kaka yake, wa tumbo moja, pamoja na mkewe, watoto wao wawili na mama aliyewazaa yeye na kaka huyo, ambaye miguu ilikwisha kumgomea. Kaka yake alikuwa fundi makochi, na hakuna aliyekumbuka kumwita vinginevyo. "Matajiri wote wa mji huu nimewakalisha mimi," alipenda kusema, na watu walicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza wanaisikia.

Bi Ramani alipounganisha vipimo vyake, mstari ulipita nyuma ya safu ile, upande wa barabarani. Safu nzima ilikuwa ndani.

Alipima tena. Ikawa vilevile. Jumamosi akaenda kumwambia mwenyewe.

Alimkuta barazani amepiga magoti mbele ya kochi lililofunuliwa tumbo, springi nje, misumari midogo ameibana mdomoni. Wifi alikuwa akianua nguo. Mama alikaa ndani karibu na dirisha, mahali pake pa siku zote, akisikiliza kila kitu na kujifanya amesinzia.

"Kaka, mstari umewapita."

Fundi Makochi alitema misumari kiganjani. "Kwa juu au kwa chini?"

"Kwa juu. Mko ndani."

Alicheka. "Mto uko kule, mdogo wangu. Mpaka uje ubishe hodi hapa, si utakuwa umepanda ngazi?"

"Mwinuko wa hapa na wa kwa Mama Mkaa haupishani sana. Jicho linadanganywa na nyumba. Na lile kalavati mto unamopita chini ya barabara likiziba, maji hayana pa kwenda. Yatarudi nyuma na kujaa kama kwenye beseni."

"Halijawahi kuziba."

"Halijawahi."

Aliacha kucheka. Alifuta mikono kwenye suruali, akakaa juu ya kipande cha sponji. "Sasa hebu nieleze wewe uliyesoma haya mambo. Mtu kochi lake limetoboka. Atalipakia kwenye gari, apite mji wote, aende kunitafuta nyuma ya machimbo? Thubutu. Atalitupia shuka, maisha yaendelee. Hapa mtu anapita anaona miguu ya kochi barazani, anasimama. Kule atapita nani? Mbuzi?"

Hesabu hiyo Bi Ramani aliijua. Chuoni somo la umbali lilikuwa la mwaka wa kwanza: kadiri mahali panavyokuwa mbali, ndivyo wanaofika wanavyopungua. Alikwisha kuwachorea wakubwa vielelezo vyake kwa rangi. Hakuwahi kuviona vimekaa juu ya sponji vikimtazama.

Sauti ya mama ikatoka dirishani. "Walipotuhamisha kupisha kiwanda, baba yenu hakuumaliza mwaka. Watu walisema ni kifua. Hakuwa na kifua. Alikosa wa kumsalimia."

"Mama, hiyo ni zamani."

"Kwangu si zamani. Mimi sihami tena, wanangu. Nikitoka hapa nitoke nimebebwa."

Wifi alisimama na nguo mkononi, akamtazama Bi Ramani. Wifi hakuwa mtu wa kuomba. Tangu aolewe alikuwa akimwogesha mama mkwe wake, kumgeuza na kumlisha, na hakuwahi kumtajia mtu.

Kaka akamsindikiza dada yake mpaka barabarani. Njiani akauliza, taratibu, "Ule mstari wako, unene wake ukiuleta hapa chini ni kiasi gani?"

"Kwa kipimo cha ramani ile? Kama mita ishirini."

"Nyumba yangu haifiki mita ishirini." Alisimama. "Kumbe naweza kuingia mzima mzima ndani ya wino wako. Sasa ukweli uko wapi, mdogo wangu? Ukingo huu wa kalamu au ule?"

"Usinifanyie hivyo, kaka."

"Sikuombi uuondoe. Usogeze tu."

Jumatatu alifika ofisini kabla ya mfagizi. Alijiambia kwamba kifaa chenyewe hukosea mita kadhaa, kila mtaalamu analijua hilo. Alijiambia kwamba kalavati halijawahi kuziba. Alijiambia kwamba damu ni nzito kuliko maji. Akaishika nukta moja ya mstari na kuivuta mpaka chini ya nyumba ya kaka yake.

Ilionekana vibaya. Mstari uliokuwa unatambaa vizuri ulikuwa na kibonyeo, kama fizi iliyong'olewa jino. Mtu yeyote angeuliza hapo pana nini. Ili kibonyeo kisionekane, ilibidi aulainishe mstari huku na huku, na kuulainisha kulimaanisha kuiacha nje safu nzima: nyumba ya mwenye duka na mkewe aliyetoka kujifungua, nyumba ya walimu wawili wapangaji, ya fundi baiskeli, ya wazee wa kwenye kona. Kwenye kioo cha kompyuta, upana alioutoa ulikuwa kama mguu wa sisimizi. Akahifadhi.

Mkuu wa kitengo, mtu mpole aliyekaribia kustaafu, aliinamia ile ramani na kukunja uso. "Mbona safu ya juu imetoka? Juzi niliiona ndani."

"Niliihakiki upya, mkuu. Nilikwenda mwenyewe."

"Ah, kama umepakanyaga wewe, mimi ni nani?" Akatia sahihi.

Tingatinga lilikuja kiangazi. Mama Mkaa alibebwa na askari wawili akiwa amekaa juu ya gunia lake la mwisho, akilaani kila aliyewahi kushika rula. Watu wa safu ya juu walisimama milangoni mwao wakitazama. Mke wa mwenye duka, mtoto mgongoni, alishuka na ndoo ya maji ya kunywa kuwapa waliobomolewa, akapanda tena akilia. Magari yalibeba watu na magodoro. Mabati yaliyopindika, mbao na milango vilibaki bondeni, kwa kuwa hapakutengwa gari la kuviondoa.

Fundi Makochi hakumshukuru dada yake kwa maneno. Alimshonea mto wa kiti cha ofisini, wa kitambaa kizito cha bluu. Bi Ramani aliuweka juu ya kabati na hakuukalia hata mara moja.

Mvua iliyoleta balaa haikunyesha mjini. Ilinyesha milimani, huko mto unakoanzia. Mjini yalikuwa manyunyu tu, watu wanatembea bila mwavuli. Saa tisa alasiri, mto ulikuja umejaa na kukuta bonde lililo tupu na mabaki ya nyumba. Uliyakusanya yote, mabati na mbao na milango ya watu, ukayapeleka mpaka kwenye kalavati na kuyashindilia humo. Kalavati likaziba. Maji yakageuka.

Simu ilimkuta Bi Ramani mezani. Hakusubiri gari la ofisi. Alikimbia na viatu vya wazi, kimoja kikabaki njiani.

Barabarani palijaa watu wanaopiga kelele. Chini yao, mahali pa bonde, palikuwa na ziwa la rangi ya chai, nalo lilikuwa limefika madirishani mwa safu ya juu na bado likipanda. Kuta za matofali ya udongo zilikuwa zinalainika na kukaa chini, moja baada ya nyingine, bila hata kishindo. Vijana walitupa kamba. Walimu wapangaji walitolewa juu ya paa. Fundi baiskeli alitolewa.

"Mama yuko wapi?" Bi Ramani alimuuliza kila aliyemshika. "Wifi yangu mmemwona?"

Jirani mmoja aliyelowa mpaka nywele alimjibu bila kumtazama. "Alikuwa ametoka. Alikuwa amesimama hapa hapa tulipo. Akasema bibi yuko ndani, akarudi."

Maji yalisimama baadaye kidogo. Watu waliyatazama kwa hofu kama yataendelea. Bi Ramani peke yake alijua kwamba hayataendelea. Yalikuwa yamesimama pale pale alipoupitisha mstari mara ya kwanza, nyuma ya nyumba, kando ya barabara, kama yaliyokuwa yamepewa maelekezo.

Waliwapata asubuhi maji yalipopungua. Wifi alikuwa amembeba mama mkwe wake mgongoni, amemfunga kwa shuka kama mtoto, fundo kifuani. Ilibidi shuka likatwe kwa kisu. Mke wa mwenye duka alipatikana chini ya kaunta na kichanga chake. Wazee wa kwenye kona walipatikana kitandani. Fundi Makochi alikuwa ng'ambo ya mji siku ile, amepeleka kochi kwa mteja, na watoto wake wawili walikuwa shule. Alirudi akakuta dada yake amekaa kwenye tope, mguu mmoja pekupeku. Alimsikiliza mpaka mwisho, akakaa naye.

Walionusurika walipewa madarasa ya shule ya msingi walale humo. Fundi Makochi na watoto wake walilala chumba kimoja na mwenye duka. Wanaume hao wawili waliofiwa na wake siku moja waligawana blanketi, wakawa wanalazimishana kula. Asubuhi mwenye duka ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Pole, ndugu yangu. Umeamkaje?"

Siku ya mazishi Mama Mkaa alikuja kutoka nyuma ya machimbo, kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Aliwapita watu wote, akamfikia Bi Ramani na kupiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikulaani. Nililaani mpaka tumbo lililokuzaa. Ungeniacha pale kwangu, leo ningekuwa nimelala na hawa."

"Inuka, mama."

"Acha niseme, watu wasikie! Na asitokee mtu kusema ulipendelea. Mama yako mwenyewe si huyu hapa?"

Bi Ramani alimwinua, akageuza uso asimtazame. Watu walidhani ni majonzi.

Wiki ile ile mkuu wa kitengo alimwita na kufunga mlango. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla. Tume ilikuwa inakuja kuchunguza kwa nini watu walikufa nje ya eneo la hatari.

"Ile ramani ya kwanza bado unayo?" aliuliza.

"Ninayo."

"Irudishe mahali pake. Tarehe ya zamani, sahihi yangu nitaweka. Tutasema safu ya juu nao waliambiwa wahame, wakakaidi."

"Mama yangu pia alikaidi?"

"Marehemu hashtakiwi, Bi Ramani."

"Lakini anasingiziwa."

Mkuu hakugomba. Alivua miwani, akajifuta macho. "Sikukuuliza siku ile ulichokanyaga na usichokanyaga, na sikuulizi leo. Nakupa mlango. Pita."

Alikwenda kwanza kwa kaka yake. Walisimama nyuma ya vyoo vya shule, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa faragha. Alimweleza yote. Fundi Makochi alisikiliza huku akichana kipande cha gome la mti kwa kucha.

"Fanya wanavyotaka," alisema.

"Watasema mkeo alikaidi amri, kaka. Kwamba alijitakia."

"Afadhali yeye aitwe mkaidi." Alitazama upande wa madarasa. "Yule bwana wa duka ananiita ndugu. Jana amenipa shati lake. Ukisema, nitamtazama na macho gani?"

"Wewe sitakutaja."

"Utanitaja usinitaje, atajua. Nani mwingine mle ndani ana dada anayechora ramani?"

Kengele ya shule iligongwa, watoto wakatawanyika uwanjani. Fundi Makochi alitupa lile gome na kuondoka bila kuaga.

Tume ilikaa kwenye ukumbi wa shule hiyo hiyo, watu watatu nyuma ya meza iliyotandikwa kitambaa. Mkuu wa kitengo alizungumza kwanza, kwa sauti ya chini, na alipofika kwenye neno "walikaidi" ukumbi uliguna. Mmoja wa wale walimu wapangaji alipaza sauti kwamba hakuna aliyewaambia lolote. Mwenyekiti akagonga meza.

Bi Ramani alisimama kabla hajaitwa.

"Hawakukaidi," alisema. "Hawakuambiwa. Mstari ulikuwa nyuma ya nyumba zao, upande wa barabara. Niliusogeza mimi, ukapita mbele yao. Mkuu wangu aliniamini akatia sahihi."

"Uliusogeza kwa sababu gani ya kitaalamu?" mwenyekiti aliuliza.

"Hapakuwa na sababu ya kitaalamu. Mama yangu alikuwa anaishi humo."

Nyuma ya ukumbi mtoto mmoja akaanza kulia bila kupigwa. Mwenye duka, aliyekaa mstari wa tatu, hakumtazama Bi Ramani. Aligeuza shingo polepole na kumtazama jirani yake aliyekaa naye benchi moja. Fundi Makochi aliinamisha kichwa. Mwenye duka akanyanyuka, akatoka, akaingia darasani walimolala, akachukua blanketi na mfuko wake, akahamia darasa la mwisho kabisa. Hakumtukana wala hakumpiga. Tangu siku hiyo hakumwambia tena neno.

Sheria ilichukua mkondo wake. Bi Ramani alifukuzwa kazi, akashtakiwa, akafungwa. Mama Mkaa alifika mahakamani siku ya hukumu, akakaa nyuma, akaondoka bila kusema kama amemlaani upya au la. Mkuu wa kitengo alistaafishwa mapema, kimyakimya. Kalavati lilizibuliwa. Safu yote ya juu ilifutwa, na waliobakia wakapewa viwanja nyuma ya machimbo.

Alipotoka gerezani, Bi Ramani alikwenda huko. Mabasi yaliishia kwenye geti la machimbo, na kutoka hapo ilikuwa kutembea juani kati ya viwanja vilivyonyooka kama daftari la hesabu, nusu yake vikiwa na nyumba na nusu vikiwa na majani. Hakuona duka. Hakuona mtu amekaa nje na mwenzake. Aliuliza nyumba ya fundi makochi na watu wawili wakamwambia hawamjui fundi wa aina hiyo. Wa tatu alisema, "Labda yule mponda kokoto anayekaa na watoto."

Alimkuta nyuma ya nyumba ya chumba kimoja, amekaa chini, nyundo mkononi, kifusi cha mawe upande huu na kilima cha kokoto upande ule. Alikuwa amekonda. Vumbi jeupe lilimfanya aonekane mwenye mvi nyingi kuliko alizokuwa nazo.

"Kaka. Shikamoo."

"Marahaba." Aliponda jiwe, la pili, la tatu. "Watoto wako shule. Wanatembea mbali, watachelewa kurudi."

Bi Ramani alikaa juu ya jiwe. Alikuwa amebeba unga na sabuni, akaviweka chini karibu na ukuta. Kaka yake aliendelea kuponda mpaka jasho likamwingia machoni, ndipo akaweka nyundo chini.

"Ungenikatalia," alisema.

Bi Ramani alimtazama.

"Siku ile barabarani. Ungenikatalia tu. Ningekuchukia, ningekuambia usikanyage tena kwangu. Mama angelia. Lakini ungenikatalia."

"Ndiyo, kaka."

"Wewe ndiye uliyejua."

"Ndiyo."

Kaka yake alitikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu aliyekwisha kuipiga hesabu hiyo mara nyingi na kila mara ikampa jibu lile lile. Akaokota nyundo. Bi Ramani alitafuta nyingine, akaiona imeegemea ukuta, mpini wake umefungwa kwa kitambaa. Akavuta jiwe mbele yake na kuanza kuponda, vibaya, mpaka vipande vikamrukia usoni. Kaka yake hakumkataza na hakumwonyesha namna ya kushika. Waliponda hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikawafunika wote wawili, na watoto walikuwa bado hawajarudi.